Dawa Hushika Wapi? Kisa Kilichopitia Visiwa vya Ssese

[Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.]

MSIMULIZI: Popote ulipo, Base Camp, Juru, Rubondo, au upande wa Kikagate pale mto Kagera unapotutenganisha na Tanzania, sogeza redio karibu. Leo tuna historia. Lakini naanza na jambo la mtaani kwetu.

Jirani yangu ana pumu. Ana kile kichupa cha kuvuta, cha rangi ya bluu, na hakimtoki. Hata akienda kuteka maji amekifunga kwenye pindo la kitenge. Kuna wakati mgao ulipunguzwa, na moyo wake ukaanza kwenda mbio usiku. Mawazo tu, alisema, maana ana watoto wanne. Mzee wa nyumba ya tatu akamwonea huruma, akamletea kidonge kimoja kutoka kwenye pakiti yake.

"Binti yangu, hiki ndicho kinachonituliza moyo mimi. Meza, ulale."

"Asante, baba," akasema, akameza.

Kabla ya usiku wa manane kifua kilikuwa kimembana. Akavuta kile kichupa. Akavuta tena. Mara nne, mara sita, mara kumi. Dawa ilikuwemo, tuliisikia ikitoka, lakini kifua hakikufunguka. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia asianguke, mzee akifuata kwa miguu gizani. Tulipofika, daktari wa zamu hakuuliza kwanza anaumwa nini. Aliuliza, "Amemeza nini leo?" Mzee alipofika akihema, akatoa pakiti mfukoni. Ilikuwa propranololi. Daktari akaisoma, akasema neno ambalo sijalisahau: "Mzee, dawa yako ni nzuri. Tatizo imekaa kwenye mlango wa dawa yake."

Mama yule alipona. Walimpa oksijeni, wakampa dawa nyingine za kufungua kifua zinazopitia njia tofauti, na wakakaa naye mpaka asubuhi, kwa sababu kidonge kile huachia polepole, kwa saa kadhaa. Lakini mimi nilibaki na swali. Dawa ina mlango? Nani aliuona? Na ilikuwaje mtu akafikiri hivyo, wakati mlango wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida ya maabara haiwezi kuuonyesha?

Nilipoanza kuuliza nilishangaa, kwa maana sehemu kubwa ya jibu inapita hapa hapa kwetu, kwenye Ziwa Viktoria, na inapita kwa watu waliohamishwa kwao.

[Muziki mfupi]

Mwaka 1901, kwenye hospitali ya Mengo, Kampala, ndugu wawili madaktari, Albert Cook na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa aina waliyokuwa hawajaizoea. Homa, tezi za shingo zimevimba, kisha mtu anabadilika tabia, anachanganya usiku na mchana, anasinzia huku chakula kiko mdomoni, na mwisho halali wala haamki, anakufa. Baganda waliuita mongota. Sisi kwa Kiswahili tunauita malale. Ulienea Busoga, pwani ya Buganda, visiwa vyote vya ziwani. Makadirio ya wakati ule yanasema watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache tu. Kulikuwa na vijiji ambavyo hakubaki mtu wa kuzika.

Mwaka 1903 akaja Mwingereza David Bruce. Huyu alikuwa ameshagundua kule Zululand kwamba ugonjwa wa ng'ombe uitwao nagana unaletwa na kidudu cha kwenye damu, tripanosoma, kinachobebwa na mbung'o. Huko Entebbe, daktari Castellani kutoka Italia alikuwa ameona kidudu cha namna hiyo hiyo kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce akaomba akusanyiwe nzi kutoka kila pembe. Kazi hiyo haikufanywa na Bruce. Ilifanywa na machifu na watu wao, chini ya Katikiro Apolo Kagwa, na nzi wakaletwa kwa maelfu. Walipochora ramani ya mahali mbung'o anapoishi na ramani ya mahali watu wanapokufa, ramani zilifanana. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingi hutaja jina moja tu.

Gavana Hesketh Bell akatoa amri: watu watoke ukanda wa pwani, kiasi cha maili mbili kutoka majini, na baadaye watoke visiwani. Kufikia 1909 visiwa vya Ssese vilikuwa vinamalizwa kuhamishwa. Mitumbwi ilizuiwa, uvuvi ukakatazwa, nyumba zikaachwa na ndizi shambani. Ilikuwa karibu 1920 ndipo watu walipoanza kuruhusiwa kurudi, na kwa wengi hapakuwa na wa kurudi. Nyinyi mnaonisikiliza hamhitaji nieleze hayo ni maisha ya namna gani.

Upande wetu huu wa Ankole mbung'o alikuwa wa aina nyingine, wa porini, anayependa damu ya wanyama. Alivuka kutoka Karagwe ng'ambo ya Kagera akaingia Isingiro, akaua ng'ombe kwa nagana na kuwafukuza wafugaji. Maeneo makubwa yalibaki vichaka hadi miaka ya 1960, serikali ilipofyeka, ikawinda wanyama pori na kupuliza dawa ya wadudu. Tunaposhangaa kwa nini kulikuwa na ardhi tupu ya kuwapokea wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda hapa Nakivale mwishoni mwa miaka ya 1950, nzi huyu ni sehemu ya jibu.

[Sauti ya maji na makasia]

Sasa dawa. Mwaka 1906 alifika visiwani Ssese, mahali paitwapo Bugala, mtu maarufu kuliko madaktari wote wa zama zake: Robert Koch wa Ujerumani, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel. Alibeba dawa iitwayo Atoksili. Jina lake maana yake "isiyo na sumu". Ndani yake mlikuwa na arseniki, ambayo ni sumu ya panya.

Habari zilienea upesi. Watu walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa kwenye machela, wengine kutoka upande wa Wajerumani, ile nchi ya Kiziba karibu na Bukoba, ambako baadaye ilijengwa kambi ya malale ya Kigarama. Zaidi ya wagonjwa 1,000 walichomwa sindano. Na mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Tezi zilinywea, vidudu vikatoweka kwenye damu, waliokuwa wamelala wakakaa na kula. Koch aliandika kwao kwa furaha.

Kisha miezi ikapita, na wengi wakaanza kusinzia tena. Koch akaongeza dozi. Ndipo jambo lingine likatokea: wagonjwa wakaanza kupoteza macho. Zaidi ya watu 20 walipofuka kabisa, hawakuona tena. Walikuwa wamekuja kutafuta uhai, wakarudi wakishikwa mkono. Hakuna aliyewaeleza kabla kwamba dozi ile ilikuwa inajaribiwa kwao. Leo mtu wa maabara au wa utafiti akija kwako na karatasi ya kutia sahihi, una haki ya kuuliza maswali yote na una haki ya kukataa. Sheria hizo zimeandikwa kwa sababu ya mambo kama haya, hapa na kwingineko.

Kwa hiyo kulikuwa na mafumbo mawili. La kwanza: kwa nini dawa ileile inamuua mdudu na pia inaua mshipa wa jicho, lakini haiui mkono wala ulimi? La pili: kwa nini mdudu aliyekuwa anakufa mwanzoni, baadaye hafi?

[Muziki mfupi]

Mtu aliyekuwa akitafuta jibu alikaa mbali sana, mjini Frankfurt. Paul Ehrlich, Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, zamani alifanya kazi kwenye taasisi ya Koch. Tangu ujana alipenda rangi za viwandani, zile za kutia nguo. Alikuwa amegundua kwamba ukitia rangi fulani kwenye kipande cha mwili, hairangi kila kitu. Inachagua. Rangi moja inashika neva peke yake, nyingine inashika kijidudu na kuacha nyama iliyokizunguka. Kina mama wanaofua wanajua hili: rangi ya kitenge kibaya inashika shati la pamba, lakini la nailoni linasalimika. Ehrlich akawaza: kama rangi inaweza kushika kitu kimoja na kuacha kingine, basi sumu pia inaweza. Nitafute sumu inayomshika mdudu na kumwacha mgonjwa.

Mwaka 1904, yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya wenye tripanosoma. Baadaye wakaendelea na arseniki. Na hapo panya wakawaonyesha kitu kilekile kilichoonekana Bugala. Ukimpa panya dozi ndogo isiyotosha, vidudu vinapungua, vinarudi. Unampa tena, vinapungua kidogo, vinarudi. Mwisho vidudu vinaogelea ndani ya arseniki bila habari. Ukivihamishia kwa panya mwingine ambaye hajawahi kupewa dawa, bado ni sugu, na watoto wao ni sugu, kizazi baada ya kizazi.

Sikiliza hatua iliyofuata, maana ndiyo kiini cha kisa. Ehrlich akachukua vidudu vilivyokuwa sugu kwa arseniki akavipa ile rangi nyekundu. Vikafa. Akachukua vilivyokuwa sugu kwa rangi, akavipa arseniki. Vikafa. Kwa hiyo vidudu havikuwa "vimekuwa na nguvu" kwa jumla, kama tunavyosema mtaani. Kila dawa ilikuwa na mahali pake pa kushika kwenye mwili wa mdudu, na mdudu sugu alikuwa amebadilisha mahali pale tu. Mwaka 1907 Ehrlich akapaita mahali pale kipokezi. Akasisitiza kwamba dawa isiposhika mahali haifanyi kitu, hata ukijaza mwili mzima.

La kushangaza, miaka michache kabla yeye mwenyewe alikuwa amekataa wazo hilo kwa upande wa dawa. Alifikiri vipokezi ni vya chakula na vya sumu za vijidudu tu. Tripanosoma walimbadilisha mawazo. Na pia mtu mmoja wa Cambridge, Uingereza.

[Sauti ya jogoo]

Huyo ni John Langley, na kazi yake aliifanya kwa jogoo. Mwaka 1905 alieleza hivi. Ukimchoma jogoo nikotini, ile ya kwenye tumbaku, misuli yake inakakamaa. Ukimchoma kurare, sumu ya mishale ya watu wa misitu ya Amerika ya Kusini, misuli inalegea, na nikotini ikija baadaye haifanyi kitu. Wengi walidhani sumu hizi zinagusa neva, yaani waya unaoleta amri kutoka kwenye ubongo. Langley akakata neva, akasubiri mpaka ikafa kabisa. Akachoma nikotini. Msuli ukakakamaa vilevile. Akachoma kurare. Nikotini ikashindwa. Halafu akaugusa msuli wenyewe kwa umeme, nao ukajikunja vizuri. Kumbe msuli haukuwa umekufa, na waya haukuhusika. Kwenye msuli kulikuwa na kitu kinachopokea, na sumu zote mbili zilikuwa zinakigombea. Moja ikikaa inatoa amri. Nyingine ikikaa inanyamaza, na kwa kukaa kwake inamzuia mwenzake.

Hiyo ndiyo habari ya mlango. Fikiria kufuli ya nyumba yako. Ufunguo wako unaingia na kuzunguka, mlango unafunguka. Mtoto akichonga kijiti kinacholingana na tundu, kijiti kinaingia, hakizunguki, na sasa hata ufunguo wako wa kweli hauna pa kuingia. Kijiti hakikuvunja kufuli. Kimekaa tu.

Mfano huu una kasoro moja, na ni bora niiseme. Ufunguo ukikwama, umekwama. Dawa nyingi hazikwami. Zinakaa kwenye kipokezi kwa muda mfupi sana, zinatoka, nyingine zinaingia, bila kutulia, kama watu kwenye benchi la zahanati. Ndiyo maana idadi ina maana. Vijiti vikiwa vingi, funguo zinakosa nafasi. Ukiongeza funguo nyingi sana, zinaweza kuvishinda vijiti. Na ndiyo maana dozi ina saa zake: vidonge vinavyosafishwa na figo na ini vikipungua kwenye damu, benchi linabaki wazi, na ugonjwa unakaa.

Kwa kupita tu: sumu ya mishale ya kwetu Afrika Mashariki, inayochemshwa kutoka kwenye mti wa msunguti, haifanyi kazi kama kurare. Ile inashika moyo. Nayo ina kisa chake, siku nyingine.

[Muziki mfupi]

Sasa turudi kwa jirani yangu, kwa maana hapa ndipo historia inapoingia chumbani.

Mwili wako una kitu kiitwacho adrenalini. Ukikutana na nyoka njiani, inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, na mirija ya pumzi inapanuka ili upate hewa ya kukimbia. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alionyesha kwamba adrenalini ina vipokezi vya aina zaidi ya moja. Aliviita alfa na beta. Watu hawakumwamini sana. Lakini Mskoti James Black alimwamini. Alitaka kuwasaidia wagonjwa ambao moyo wao unauma kwa sababu unafanya kazi kupita kiasi. Wengine walikuwa wanatafuta njia ya kuupelekea moyo damu zaidi. Black akawaza kinyume: vipi nikiziba mlango wa adrenalini, ili moyo upumzike? Katikati ya miaka ya 1960 akatoa propranololi. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Vidonge vya yule mzee ndivyo hivyo.

Lakini milango ya beta haiko kwenye moyo tu. Iko pia kwenye mirija ya pumzi. Propranololi haichagui, inakaa kote. Kwa mtu mwenye mapafu mazima haileti shida kubwa. Kwa mwenye pumu, ambaye mirija yake inategemea milango ile kubaki wazi, mlango ukizibwa kifua kinabana. Madaktari waliliona hilo mapema, dawa ikiwa bado mpya. Na kile kichupa cha bluu, salbutamoli, kilichoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960, ni ufunguo uliochongwa kwa ajili ya milango ileile ya kwenye mapafu. Kwa hiyo usiku ule jirani yangu alikuwa anavuta funguo, mara kumi, na kila tundu lilikuwa na kijiti.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi propranololi ni mbaya. Wako wasikilizaji wanaoitumia kwa shinikizo la damu, kwa kichwa cha upande mmoja, kwa mikono inayotetemeka, na inawafaa. Hao nawaambia jambo la pili: usiiache ghafla kwa sababu umesikia redioni. Milango ikizibwa kwa muda mrefu, mwili hujibu kwa kuongeza mingine. Ukiondoa vijiti vyote siku moja, adrenalini inakuta milango mingi kuliko zamani, na moyo unaweza kushtuka vibaya. Aliyekuandikia ndiye atakayekupunguzia hatua kwa hatua. Na kama una pumu na umepewa kidonge chochote cha moyo au cha presha, iwe zahanati, iwe duka la dawa, iwe hospitali ya Mbarara, taja pumu kabla hujapokea. Ukiwa huna lugha ya daktari, mwonyeshe kichupa.

Milango ya namna hii iko mwilini kote. Piritoni tunayomeza kwa mafua na muwasho haiondoi histamini inayowasha, inakaa kwenye kiti chake. Ndiyo sababu unasinzia pia, kwa maana histamini ina kazi yake kichwani, ya kukuweka macho. Mofini ya maji wanayopewa wagonjwa wa saratani Uganda, ambayo Hospice ilianza kuipeleka majumbani Mbarara miaka ya 1990, inashika vipokezi ambavyo wanasayansi walivithibitisha mwaka 1973. Na aliyezidishiwa anaweza kurudishiwa pumzi kwa dakika chache kwa naloksoni, kijiti kinachoingia tundu lilelile. Watu walitumia afyuni kwa maelfu ya miaka bila kujua kuna tundu.

[Muziki mfupi]

Na malale? Fumbo la pili la Bugala lilikaa muda mrefu zaidi.

Arseniki haikuondoka. Ehrlich aliichonga upya mamia ya mara mpaka akapata namba 606, iliyoponya kaswende kuanzia 1910. Kwa malale zilikuja dawa nyingine, na mwaka 1949 Mswisi Ernst Friedheim akatoa melarsoproli, arseniki iliyofungwa pamoja na kitu cha kuipunguzia ukali. Iliwafufua watu waliokuwa wameshafika hatua ya mwisho. Lakini wazee wa West Nile waliochomwa wanakumbuka: ilikuwa kama moto ndani ya mshipa. Na karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Madaktari walijua, wagonjwa walijua, na sindano ilichomwa kwa sababu bila hiyo ni kufa watu wote 20.

Miaka ya 1980, Waganda waliokuwa wakimbizi Sudan na Zaire walirudi makwao West Nile, na malale ikapamba moto tena huko. Katikati ya miaka ya 1990, katika kituo cha Omugo, upande wa Arua, waliona kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya wanne waliopata melarsoproli ugonjwa ulimrudia. Fikiria: umevumilia moto wa mshipa, umenusurika kuwa yule wa ishirini, unarudi nyumbani, unaanza kusinzia.

Safari hii kulikuwa na vyombo ambavyo Ehrlich hakuwa navyo. Mwaka 1999 watafiti walitambua mlango mmoja kwenye ngozi ya tripanosoma, ambao mdudu huutumia kuingiza chakula chake. Arseniki ilikuwa inajipenyeza kwa mlango huo, kama mwizi anayeingia na wageni wa harusi. Mtafiti wa Uganda Enock Matovu na wenzake wakachunguza vidudu vya wagonjwa wa Omugo, wakakuta wengi wao wana mlango uliobadilika. Mwaka 2012 ukatambuliwa mlango wa pili, muhimu zaidi, wa kupitisha maji na gliseroli. Na vidudu kutoka Mbuji-Mayi, Kongo, vilionekana vimeuharibu. Mdudu alikuwa amevunja mlango wake mwenyewe ili sumu isiingie.

Ehrlich alikuwa amesema hivyo mwaka 1907, kwa kutazama panya na rangi. Wataalamu leo wangemsahihisha kidogo: ule wa tripanosoma ni mlango wa kupitisha vitu, na kipokezi cha Langley ni kufuli inayotoa amri bila kitu kupita ndani. Ni vyombo viwili. Lakini kwamba dawa ina mahali pake, na mahali hapo pakibadilika dawa inapotea, hilo alilipata sawasawa.

Tafuta sasa dawa isiyotegemea arseniki. Eflonithini ilipatikana, ikathibitishwa Marekani mwaka 1990. Kufikia 1995 utengenezaji wake ulisimamishwa kwa sababu wanaougua malale hawana pesa. Kilichoiokoa ni krimu. Ilionekana kwamba dawa hiyo hupunguza nywele za usoni kwa wanawake, soko likapatikana Marekani, na mwaka 2001, baada ya Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka kupiga kelele, kiwanda kikakubali kuitoa kwa ajili ya Afrika pia. Hilo mimi sina la kuongeza.

Mwaka 2018 vilipitishwa vidonge vya feksinidazoli: siku 10, kwa mdomo, ukiwa umekula. Hakuna moto wa mshipa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ile ya West Nile si tena tatizo la afya ya jamii nchini Uganda. Lakini Uganda ni nchi pekee yenye malale za aina mbili. Ile ya pili, ya kasi, inayotoka kwa ng'ombe na wanyama upande wa mashariki, hatua yake ya mwisho iliendelea kutibiwa kwa melarsoproli hata baada ya hapo. Feksinidazoli ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo Rumphi, Malawi, na katika hospitali ya Lwala hapa Uganda, kwa karatasi za ridhaa zilizosomwa kwa lugha zao. Mwishoni mwa 2023 ikapitishwa. Kutoka sindano ya kwanza ya Bugala hadi hapo ni miaka 117 ya arseniki.

Yule mzee na jirani yangu bado wanaitana baba na binti. Pakiti ya propranololi sasa ameiandika juu kwa kalamu nyekundu, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili: si ya mwenye pumu.

Maswali yenu yapelekeni kwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu, VHT, atatufikishia. Wiki ijayo tutakuwa na kisa cha mti wa msunguti.

[Muziki wa kufungia]